Wa Dirishani

Nyumbani kwetu neno likishaandikwa halifutwi. Nalisema mapema tusije tukasumbuana mbele ya safari. Baba yangu anaandika mabango tangu sijazaliwa: maduka, milango ya malori, kuta za shule, hata jeneza moja kwa ombi maalumu la marehemu, na hakuna mtu mjini aliyewahi kumwona ameshika kitambaa akifuta herufi. Wenzake huchora kwanza kwa penseli, wakafuta, wakachora tena, ukuta ukachoka. Baba anavuta uzi wa chaki ukutani, anaupigisha mara moja, mstari unabaki, brashi inashuka. Akimaliza anarudi nyuma, anainamisha kichwa kama kuku aliyesikia jambo, basi, kazi imekwisha. Nimefanya kazi naye tangu nimalize sekondari na naweza kuapa popote: sisi ni watu wa kuandika, si watu wa kufuta.

Kiapo hicho kilidumu mpaka Jumapili.

Siku moja kabla, Jumamosi, ujumbe uliingia kwenye simu ya mdogo wangu. Huyu tunamwita Rula. Jina lake jingine liko kwenye vyeti, likae huko huko. Tangu mtoto hawezi kupita karibu na kitu kilichopinda bila kukinyoosha: pazia, godoro, sahani za watu wakiwa bado wanakula, na siku moja kola ya mgeni ambaye hakuwa amezoeana na sisi kiasi hicho. Alitaka kuwa mhandisi wa majengo, na alitaka kusomea Chuo Kikuu, kile kilicho juu kilimani, si kingine. Alama zake zilikuwa nzuri isipokuwa Kemia, ambayo ilimfanyia ubaya. Kwa hiyo tulikuwa tunasubiri huku kila mmoja akijifanya hasubiri.

Ujumbe ulisema: Hongera, umechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu, Uhandisi wa Majengo, maelezo zaidi yatafuata. Mama alikuwa zamu, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Alipopigiwa simu alikaa chini juu ya lundo la mashuka, na msimamizi wake akaanza kumpa pole.

Baba alichukua kopo la rangi nyekundu ya mafuta, ile ya ghali ambayo hatuifungui mpaka mteja atoe nusu ya malipo, akatoka nje. Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba, na lina milango miwili ya chuma inayotazama barabara. Jua lilipoanza kupoa milango hiyo ilikuwa inasema, kuanzia mlango huu hadi ule: MZAZI WA MHANDISI. Kila herufi urefu wa mkono, nyekundu, na kivuli cheusi pembeni. Nimemwona baba akipiga vivuli vingi maishani, lakini vile alivipiga kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

Watu walisimama. Walipongeza. Mama Cherehani, fundi wa nguo wa ng'ambo ya barabara, ambaye mwanawe yuko mwaka wa pili Chuo Kikuu na hatujawahi kupewa nafasi ya kulisahau hilo, alivuka na futi yake ya kupimia shingoni, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anakagua mshono.

"Hongera, jirani," akamwambia baba. "Sasa na wewe umekuwa mwenzetu."

Maelezo zaidi yakafuata Jumapili asubuhi.

*

Yalikuwa marefu, nami nayafupisha. Rula amechaguliwa, lakini kupitia Mwaka wa Maandalizi. Maana yake atasoma mwaka mzima kwenye tawi la mjini, siyo kilimani. Akifaulu kila somo kwa alama walizozitaja ndipo ataingia mwaka wa kwanza kama wengine. Asipofaulu, ahsante kwa kuja. Mkopo wa serikali hauhusiki. Ada ni ya kujilipia, na nusu inatangulia.

Watu wa Mwaka wa Maandalizi wana jina lao mjini. Wanaitwa wa dirishani, kwa sababu hawalipi benki kama wanafunzi wengine. Wana dirisha lao dogo lenye nondo, na foleni yao inatokea mpaka barabarani ambako kila apitaye anawaona. Kusema fulani ni wa dirishani si tusi. Ni kama kusema fulani amevaa viatu vya kuazima. Humtukani, umemsaidia tu mtu mwingine aangalie miguu.

Baba alisoma, akamrudishia Rula simu kwa mikono miwili, akatoka na kitambaa na mafuta ya taa. Mimi nilidhani anakwenda kusafisha brashi. Rangi ile ilikuwa imelala usiku kucha juu ya chuma na ilikuwa imeamua kukaa. Alianzia mwisho wa neno. Herufi mbili za mwisho zilikubali, tena kwa shingo upande, zikageuka kuwa doa jekundu lililochuruzika mpaka chini kana kwamba mlango umechomwa kisu. Zilizobaki zikakataa. Watu wakaanza kupita, baba akaacha, akaingia ndani na kitambaa chake.

Kwa hiyo mchana wa siku ile duka letu lilikuwa linasema MZAZI WA MHANDI. Dereva wa lori aliyekuja kuulizia bei ya namba alisoma, akafikiri, akauliza Mhandi ni kabila gani. Jioni baba alikuwa na jina jipya. Mzee Mhandi, habari za leo. Mzee Mhandi, kopo la nyeupe shilingi ngapi. Naye akaitika, kwa sababu mteja ni mteja.

*

Ingekuwa ni kuchagua kati ya kwenda na kutokwenda, tungelia, tukanyamaza, tukaendelea. Ubaya ni kwamba Chuo cha Ufundi nacho kilimwita Rula, tena kwa mlango wa mbele. Stashahada ya ujenzi, serikali inabeba karibu gharama zote, na makampuni huja kuchukua mafundi kabla hawajamaliza. Vyuo vyote viwili vilitaka jibu kabla ya wiki ya pili kwisha.

Baba na mama hawakukubaliana, lakini kwa namna ya kuchekesha kidogo. Mama hakujali kabisa habari ya dirisha. Kwake dirisha na mlango ni matundu tu ya nyumba. Alichokiona ni ada, na mwaka mzima wa kukaa roho mkononi, kisha mtoto arudi amefeli somo moja na fedha imekwenda. Baba naye hakuogopa ada. Fedha hutafutwa, alisema, na mama akamuuliza hutafutwa wapi, maana yeye angependa kwenda huko kesho asubuhi. Alichokiogopa baba ni dirisha. Alikuwa ametangaza kwa herufi za urefu wa mkono, na sasa kila jirani angemwona binti yake amesimama kwenye foleni ile. Afadhali Ufundi, alisema, kule ataingia kichwa juu. Basi wote wawili wakafika Ufundi, kila mmoja kwa njia yake, na kila mmoja akamwona mwenzake mjinga.

Hakuna aliyemuuliza Rula. Yeye alikuwa anakunja nguo, kona kwa kona.

Siku mbili baadaye Mama Cherehani alimkuta mama anatoka kazini, akamwita mbele ya wateja wake. Akamwambia kwa huruma kwamba amesikia, asijali, hata mwanawe kule juu anasema wa dirishani wengine ni watu wazuri tu, wanasalimia. Mama alikuwa amesimama tangu alfajiri, miguu imevimba.

"Jirani," akasema, "mimi nafua makoti ya madaktari. Nimeona yenye damu, nimeona yenye wino, nimeona yenye rangi ya mdomo. Bado sijaona lililoandikwa mlango aliouingilia mwenyewe."

Wateja wakacheka. Mama akavuka barabara, akaingia ndani, akavua viatu, akasema: "Ufundi. Sitaki kusikia habari nyingine." Niliposhangaa akaniambia mambo ya nje ni ya nje.

*

Alhamisi Rula aliniomba nimsindikize akalione tawi la mjini. Aliwaambia wazee tunakwenda kununua brashi. Jengo liko juu ya duka la magodoro, na ngazi yake inanuka sponji mpya. Vyumba vya madarasa vina viti vya plastiki vya kukodi, vile vinavyopangwa kwenye harusi, na ubao umetundikwa umeinamia kushoto. Nilimwona Rula anautazama ule ubao na kujizuia.

Tulimkuta mwanafunzi mmoja ndani, amevaa sare ya ulinzi ya benki, anamalizia mahesabu kabla ya kwenda zamu. Rula akamuuliza maswali yake, moja baada ya jingine, kwa heshima. Yule kijana hakutupamba. Alisema masomo ni magumu, walimu ni wale wale wanaoshuka kutoka juu wakiwa wamechoka, na mtihani wa mwisho ni ule ule. Wengi huangukia Kemia. Rula akauliza kama ukishavuka, ukaingia kule juu, watu husahau.

"Nani asahau?" yule kijana akasema. "Dada yangu, watakuita wa dirishani mpaka siku ya joho. Wengine watakuita kwa upendo. Ukitaka wasikuite, usije. Ukitaka kusoma, njoo."

Aliyasema bila uchungu wowote, akaendelea na hesabu zake.

Tulipotoka nilidhani tunarudi nyumbani. Rula akashika njia ya kilimani. Sikumuuliza. Tulipanda mpaka Ukumbi wa Michoro, jengo refu lenye madirisha makubwa, ambalo nililijua kwa sababu maandishi yake ni ya baba. Rula alikuwa msichana mdogo wakati ule. Baba alimchukua siku za likizo amshikie ncha ya uzi wa chaki, na kazi ilipokwisha Rula hakutaka kuondoka, mpaka tukamwahidi soda. Soda yenyewe hakuimaliza.

Sasa alisimama nje, akaweka viganja pembeni ya macho, akatazama ndani kupitia kioo. Meza ndefu, kila moja imeinuliwa upande mmoja. Wanafunzi kama sita wameinamia karatasi pana kama shuka la kitanda cha mtoto. Mmoja alivuta mstari mrefu, taratibu, bila kupumua, na Rula naye hakupumua mpaka mstari ulipofika.

"Kaka," akasema, "bado wanazima taa za upande huu mchana, watumie jua."

Niliitika, nikasoma maandishi ya baba juu ya mlango. Kivuli hakikuwa kimepauka hata kidogo. Nilipogeuka kioo kilikuwa kimepata ukungu wa pumzi yake, naye anaufuta kwa kiwiko ili aendelee kuona.

*

Ijumaa, chakula kikiwa mezani, Rula alitangaza kwamba atakwenda Ufundi. Alisema vizuri, sauti imenyooka. Alisema ni chuo kizuri, ni kweli ni chuo kizuri, atapata kazi mapema, tutapumua. Baba akasema amefanya jambo la busara, akaliangalia doa la rangi kwenye kucha yake. Mama akamwongezea chakula. Kisha mama akaniuliza mimi kama chumvi imetosha, na nikajua kuna jambo, kwa sababu mama hajawahi kuniuliza habari ya chumvi tangu nizaliwe.

Jambo lenyewe ni hili, na niliseme liishe. Fedha ilikuwapo.

Ilikuwa ndani ya simu yangu, na wote pale mezani waliijua. Miaka mitatu nilikuwa naweka sehemu yangu ya kila kazi kwa ajili ya mashine ya kukatia stika. Siku hizi mtu akitaka bango haji kwa baba na ukuta. Anakwenda kwa wenye mashine, anachagua herufi kwenye kompyuta, inakatwa, inabandikwa, kabla soda haijaisha amekwisha ondoka. Baba yeye anabakiwa na malori na shule zisizo na fedha. Bila mashine tungekuwa tunaandika namba za milango mpaka milango iishe. Kiasi cha mashine na kiasi cha ule Mwaka wa Maandalizi vilikuwa karibu sawa, kana kwamba vimepimwa kwa futi ya Mama Cherehani.

Hakuna aliyeitaja. Si mama aliyekuwa akihesabu kila kitu kwa sauti, si baba wa fedha hutafutwa. Waliizunguka kama watu wanavyozunguka shimo ambalo limekaa barabarani mpaka limekuwa mwenyeji. Na niwatoe wasiwasi ninyi mnaosoma: mimi na mashine ile hatukuwa na mazoea makubwa. Niliiona mara moja, nilipokuwa napita. Hata rangi yake siikumbuki vizuri. Ni chuma na waya, kitu cha biashara.

"Chumvi imetosha, mama," nikasema.

*

Jumamosi tulipata kazi ya kuandika jina la duka la nafaka. Baba mgongo ulikuwa unamsumbua, kwa hiyo nilikwenda na Rula anishikie uzi. Duka lilikuwa na kibaraza, na boriti iliyobeba kibaraza ilikuwa imelegea katikati. Niliandika jina zima, nikapiga kivuli, nikageuka kumwomba kitambaa, nikamkuta amesimama chini ya ile boriti ameinua uso.

"Hii itaanguka," akasema. "Si leo. Lakini itaanguka."

Nikamwambia amwambie mwenye duka aweke nguzo, tuondoke kabla haijatuangukia sisi.

"Nguzo kila mtu ataweka. Ufundi watanifundisha kuweka nguzo, tena vizuri. Lakini mimi naona tu imepinda, Kaka. Toka utotoni naona tu vitu vimepinda, na sijui kwa nini. Mbona ile ya pili haijapinda, na mti ni ule ule? Nataka kujua kwa nini." Akashusha uso. "Usiwaambie nimesema."

Akaanza kuviringisha uzi kwenye kijiti, mzunguko juu ya mzunguko, imara, na mikono ikawa imejaa chaki kiasi kwamba alipojifuta jicho alijichora mstari mweupe mpaka sikioni. Nilitafuta utani wa kumtania. Kwa kawaida huwa ninao wa akiba.

Tuliporudi nilimkuta baba uani anasuuza brashi, Rula akabaki upande wa pili wa ukuta anaanua nguo. Nikamwambia baba kwamba Rula aende Chuo Kikuu, na nusu ya kwanza nitailipa Jumatatu.

Baba akaendelea kusuuza. "Na mashine?"

"Mashine gani?"

"Usinifanye mtoto."

Nikamwambia kwamba mashine zenyewe zinabadilika kila mwaka, hii ikifika hapa itakuwa imezeeka. Nikamwambia herufi zake hazina kivuli, zinakaa ukutani kama watu waliokaa kwenye picha ya kitambulisho. Nikaongeza kwamba plastiki haipendi jua. Nilikuwa nasema sana.

"Umeiona lakini?" akauliza.

"Mara moja tu. Nilikuwa napita."

Baba akainua brashi, akaikamua kwa vidole, akazitazama nywele zake kama anazihesabu. Najua alichokuwa anafikiri, kwa sababu alikiacha wazi usoni. Aliona miaka yake iliyobaki kwenye milango ya malori. Aliona foleni, na binti yake ndani ya foleni.

"Wataniita Mzee Dirisha," akasema mwishowe.

"Sasa hivi wanakuita Mzee Mhandi, baba. Utakuwa umepanda cheo."

Akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi ya rangi nyekundu, na kicheko kilianza kama kikohozi. Upande wa pili wa ukuta kamba ya nguo ilikuwa imeacha kutikisika.

Mama alipoambiwa hakubishana. Alisema nina kichwa kibovu kama baba yangu, akaingia jikoni, na nikasikia anasugua sufuria lililokuwa safi. Baadaye alinipitia akaniwekea mkono kichwani, mkono wake wa sabuni uliopasuka pasuka, akauacha hapo kidogo kana kwamba anapima homa.

Rula ndiye aliyetoa sharti. Alikuja akasimama mbele ya baba, macho yamevimba, akasema atakwenda, ila mlango wetu usiwe na neno. Si mhandisi, si mwanafunzi, si chochote.

"Ukiniandika, nitakuwa nasoma kwa ajili ya mlango," akasema. "Niache nisome tu, baba."

Nawaambia, kumwambia hivyo mwandishi wa mabango ni kama kumwambia mwimbaji aje harusini anyamaze. Baba akaleta kopo la kijivu na brashi pana, akampa. Rula alipaka mwenyewe, mchana kweupe, Mama Cherehani akitazama na sindano mdomoni. Baba alimshikia ngazi. Herufi nyekundu zilikataa mkono wa kwanza wa rangi zikachungulia, zikakataa wa pili, wa tatu zikazama. Tangu siku hiyo sisi ndio duka pekee la maandishi mjini lisilo na maandishi, na wateja wanagonga kuuliza kama tumehama.

*

Jumatatu tulikwenda mimi na yeye. Foleni ilikuwa imekwisha toka nje ya jengo, imepita duka la magodoro, imekunja kona. Sikuwa nimetegemea watu wa namna ile. Nilidhani nitakuta watoto wa shule. Walikuwapo, lakini walikuwapo pia watu wazima na mikoba ya kazini, mwanamke anayenyonyesha, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Jua lilikuwa linatupiga wote sawa. Wapita njia walituangalia. Rula alijikunyata mwanzoni, na kadiri tulivyosogea akanyooka, mpaka tulipofika kivulini alikuwa anamwambia mtu wa mbele yake kwamba kola yake imekunjika.

"Kaka," akasema bila kunitazama, "kweli huitaki ile mashine?"

"Ni mashine ya kukatia stika, siyo mchumba."

"Nakuuliza."

"Na mimi nimekujibu. Hata nikiikuta njiani sitaitambua. Sogea, tunapoteza nafasi."

Karani nyuma ya nondo alikuwa na uso wa mtu aliyelala vibaya. Alichukua karatasi za Rula, akanipa namba ya kutuma fedha. Nikaiandika kwenye simu. Simu ikaniuliza kama nina uhakika, swali ambalo huwa linauliza hata ukinunua vocha. Nikabonyeza. Kilisikika kimlio, kile kidogo, na nusu ya ile miaka mitatu ikapita katikati ya nondo. Karani akagonga muhuri, akamsukumia Rula risiti na kitambulisho cha muda chenye picha iliyopinda. Rula akaishika risiti kwa ncha za vidole. Aliisoma mara ya kwanza, akaisoma tena, midomo ikitembea.

Nilikuwa naandaa utani kuhusu ile picha wakati mtu wa nyuma yetu aliponigusa bega.

"Samahani," akasema, "wewe siyo yule kaka wa mashine?"

Alikuwa mwanamke kijana, kalamu imechomekwa kwenye nywele, fulana ya kazini yenye nembo ya duka la vifaa vya uchapaji. Alikuwa ameshika karatasi za kujiunga kama za Rula. Nikasema hapana, nadhani amenifananisha.

"Ah, nikufananishe vipi?" Akamgeukia Rula, akitabasamu, kama watu wanavyofanya kwenye foleni wakishachoka na jua. "Huyu ni wa kila Jumamosi. Kila Jumamosi, sijui mwaka wa ngapi huu. Akifika anaifuta vumbi kwa mkono wa shati, bosi anamcheka. Juzi mwanzoni mwa mwezi nikamwachia aiwashe, akakata jina la duka lake."

"Jina gani?" Rula akauliza.

"Baba na Mwana. Kwa stika ya bluu. Akaomba nimtunzie pale dukani, kwao hawajui bado." Akanigeukia mimi. "Bosi alitaka kuiuza wiki iliyopita, nikamwambia ina mwenyewe. Njoo basi, nitakutetea mpaka lini?"

Nikafungua mdomo. Ninao utani wa harusi, wa msiba, wa mteja asiyelipa, wa baba mkali. Nilipekua wote. Karani akaita anayefuata, na yule dada akanipita kuelekea dirishani na karatasi zake.

Rula alikuwa ameshusha risiti. Alinitazama, kisha akautazama mkono wa shati langu, na akaushika pale kwenye pindo palipochakaa, akaunyoosha taratibu mpaka kwenye kifundo.

"Ulikuwa unapita," akasema.